Safari moja, isigande

Ukikaa na wanywaji wa Dar es Salaam hutakosa kuisikia kauli hii: bia zote ni zile zile, tofauti ni lebo tu. Siikubali. Bia hizi za kawaida, zinazouzwa kila baa kuanzia Sinza hadi Sirari, kila moja ina tabia yake, na mtu mwenye subira ataitambua hata akifumbwa macho. Kinachotuzuia kuzitofautisha ni jinsi tunavyozinywa. Tunazinywa zimeganda.

Niseme mapema ninapokaa, asije mtu kuniuliza baadaye: mimi nikiingia baa naagiza Safari, ya baridi ya kadiri. Ikikosekana nachukua Kilimanjaro kama ni mchana, au Guinness kama ni usiku na kuna nyama. Konyagi nakunywa kwa masharti. Divai ya Dodoma naitetea. Mbege, pombe yetu ya ndizi, nimekulia nayo. Nusu ya ukoo wetu ni walokole wasiogusa kileo, Krismasi tunakula meza moja bila ugomvi, kwa hiyo siandiki kumshawishi mtu aanze kunywa. Naandika kwa ajili ya wale ambao tayari wanatoa hela yao kununua kitu na hawakionji.

Mgeni akifika kwetu hushangazwa na swali la kwanza la mhudumu: "Ya baridi au ya moto?" Ya moto maana yake haijaingia friji kabisa, imetoka kwenye kreti kama ilivyo. Kwetu swali hilo ni la kawaida kabisa, na wazee wengi hujibu "ya moto" bila kufikiri mara mbili. Wengine wanasema ubaridi unawapa kifua, wengine wamezoea tangu enzi ambazo baa nyingi hazikuwa na umeme wa kutegemewa. Baba mdogo wangu wa Marangu hanywi bia ya friji hata umwambie nini. Niliwahi kumshawishi.

"Baba mdogo, nikuwekee kwenye friji kidogo?"

"Uniwekee ili iweje, mwanangu? Nitajuaje ninakunywa nini?"

Ana hoja, na hoja yake ina msingi. Ulimi uliopigwa na ubaridi mkali hauonji vizuri. Utamu wa kimea unafifia, na harufu, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya ladha, haipandi kabisa kwa sababu kioevu kikiwa baridi sana hakitoi mvuke wake. Kinachobaki ni gesi na ule mchomo wa ubaridi kooni. Ukinywa bia nne tofauti katika hali hiyo, ni kweli zitafanana, kwa kuwa zote umezinyamazisha.

Ila kuna jambo ambalo watetezi wa bia ya moto wa Dar hulisahau. Bia "ya moto" ya Marangu, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, jioni ya Julai, haina moto wowote. Imekaa sakafuni kwenye chumba chenye ubaridi wa asili, ukiishika chupa unahisi. Bia "ya moto" ya Manzese mwezi Februari imekaa kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi. Hapo gesi inatoka yote mara kizibo kinapofunguka, povu linamwagika mezani, na kinachobaki ni kitamu kisichopendeza, kizito mdomoni. Lile jina moja linaficha vinywaji viwili. Mzee aliyehamia Dar kutoka Rombo na kung'ang'ania ya moto hapati tena kile alichokuwa anakipenda kwao.

Mimi naomba ya friji la kaunta, siyo ya friza. Ikija imetoka jasho kwa nje inatosha. Ikija na vipande vya barafu vinaelea shingoni naiacha mezani kwanza, tuongee. Halafu naimimina. Glasi naiinamisha, bia inateleza ubavuni taratibu, ikifika zaidi ya nusu naisimamisha glasi na kumalizia katikati ili povu lipande kiasi cha vidole viwili. Povu lina kazi, ndilo linalobeba hadi puani harufu ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu wake. Na ukitaka kujua kama glasi ilioshwa vizuri, litazame hilo povu: glasi yenye mafuta, iwe ya nyama choma au ya lipstiki ya aliyeitumia kabla yako, povu linakufa papo hapo. Nimesharudisha glasi nyingi kwa sababu hiyo, na sioni aibu.

Sasa Safari. Ilianza kutengenezwa mwaka 1977, ina kilevi asilimia 5.5, na rangi yake ni ya dhahabu iliyokolea kuliko wenzake. Ikiwa na ubaridi wa kadiri inanukia mkate uliookwa. Mwanzoni ina utamu kidogo, katikati inajaa mdomo, mwisho uchungu mfupi unaosafisha ulimi. Ule uchungu ndio unaoifanya iende na nyama ya mbuzi yenye mafuta, na hasa na kitimoto cha kukaanga chenye pilipili na ndimu. Watu huiita bia ya wazee au bia ya mafundi. Mimi nasema ni bia yenye mwili, na katika bia za bei ile sijaona inayoishinda.

Mimi ni mwanamke, na hapo ndipo lilipo tatizo jingine. Nikikaa na kaka zangu au wafanyakazi wenzangu wa kiume, Safari yangu huwekwa mbele ya mwanamume, hata kama huyo mwanamume kaagiza soda, na soda ndiyo nasogezewa mimi. Kuna mahali niliagiza Safari nikaletewa kinywaji cha tufaha chenye sukari, mhudumu akaniambia, "Dada, hii ndiyo wanayokunywa wadada." Inaniudhi kweli. Bibi zangu walipika pombe, waliionja kila hatua, na hakuna mwanamume aliyethubutu kuwaambia imeiva au haijaiva. Ni lini mwanamke alipokonywa ulimi wake na kupewa sukari? Dada zangu wanaokunywa cider kwa kuipenda, wanywe kwa raha. Ninachotaka ni mhudumu aandike nilichotaja.

Kilimanjaro ilikuja mwaka 1996, miaka mitatu baada ya Tanzania Breweries kuingia ubia na South African Breweries. Ni asilimia 4.5, nyepesi, na wepesi wake una mahali pake. Nayo inafaa mchana, karibu na bahari, na samaki wa kukaanga au pweza. Ukiinywa usiku na mbuzi inapotea. Wengi wanaisema haina ladha, lakini mara nyingi wanaipa kazi isiyo yake.

Serengeti inajitangaza kuwa ya kimea kitupu, na ukiionja pole pole unaamini: ina mviringo fulani, haina ule wembamba unaopatikana mahindi au sukari vinapoongezwa kwenye shayiri. Naiheshimu. Kwangu imepungukiwa uchungu, baada ya chupa moja natamani kitu kingine.

Tusker ina historia inayonigusa zaidi kuliko ladha yake. Ndugu wawili wa Kiingereza, George na Charles Hurst, walianza kupika bia Nairobi mwaka 1922. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo akiwa kwenye uwindaji, na bia ikapewa jina kwa kumbukumbu yake, na kichwa cha tembo kipo kwenye lebo hadi leo. Hayo Wakenya wanayajua. Kinachozungumzwa kidogo ni vita ya bia iliyopiganwa kwetu Moshi miaka ya mwisho ya 1990. Wakenya walijenga kiwanda Moshi, Kibo Breweries, wakapika bia yao kwenye ardhi yetu. Wakati huo huo Wasauzi, ambao tayari walikuwa Tanzania, walikwenda kujenga chao Thika na kuuza Castle chini ya pua ya Tusker. Kila upande uliumia kwenye uwanja wa mwenzake. Mwaka 2002 wakapatana: kiwanda cha Thika kikafungwa, cha Moshi kikafungwa, wakabadilishana hisa, na Tusker ya Tanzania ikawa inapikwa na Tanzania Breweries. Baadaye, mwaka 2010, East African Breweries, hao Wakenya wenye Tusker, walinunua hisa nyingi za kampuni ya Serengeti, mshindani wa Tanzania Breweries, na ule mwafaka ukaishia hapo.

Kwa wenye makampuni hiyo ilikuwa amani. Kwa Moshi ilikuwa kiwanda kufungwa, na vijana waliopata ajira pale kurudi nyumbani. Kwa mnywaji ilikuwa ushindani kupungua, kwa sababu wakati ule wa vita kila upande ulijitahidi kumpendeza. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nadhani mgema asiye na jirani analitia maji hata kabla ya kusifiwa, na ndiyo maana nafurahi kuona leo viwanda viwili vikubwa vikikimbizana tena nchini mwetu.

Na ladha ya Tusker? Asilimia 4.2, safi, kavu kidogo mwishoni. Nikiwa Nairobi nakunywa Tusker na sitafuti kingine. Nikiwa Dar sina hamu nayo. Hili si suala la uzalendo, ni suala la bia kuwa mbichi, na hapo ndipo nataka nikae kidogo.

Bia ni chakula. Haiozi kama maziwa, lakini inazeeka, na inazeeka haraka ikikaa kwenye joto. Hewa kidogo iliyobaki shingoni mwa chupa inafanya kazi yake taratibu, na miezi ikipita kwenye stoo ya bati isiyo na dirisha, ile harufu ya mkate inageuka harufu ya boksi lililolowana. Uchungu wa hopsi unapungua, unakuja utamu wa kuchosha. Mtu akiionja anasema kampuni imebadilisha mapishi. Mara nyingi mapishi ni yale yale, kilichobadilika ni wiki ambazo ile chupa imekaa juani na stoo.

Kwa hiyo kanuni yangu kubwa nikisafiri kikazi ni moja: naangalia inayotoka. Naingia baa, natazama kreti zilizo karibu na mlango na meza za watu, naona chupa gani imetapakaa. Mwanza ni Balimi, basi nakunywa Balimi, na ni tamu kwelikweli ukiwa na sangara wa kukaanga na upepo wa ziwa. Balimi hiyo hiyo nikiikuta Dar imejificha nyuma ya rafu, ina vumbi mabegani, siigusi. Bia inayouzwa sana haikai. Hii ndiyo faida kubwa ya bia za watu wengi, na ndiyo sababu nazipenda kuliko zile za kigeni za bei mbaya zinazovuka bahari kwenye kontena la chuma, zikakae bandarini, zikakae ghalani, halafu tuzilipie mara mbili kwa ajili ya lebo. Chupa ya Safari iliyotoka Ilala wiki iliyopita inaishinda bia nzuri ya Ujerumani iliyokaa njiani miezi. Tarehe imeandikwa kwenye chupa. Isome.

Adui mwingine ni jua. Hopsi zikipigwa na mwanga zinavunjika na kutoa harufu ya jamii moja na ile ya kicheche, na haichukui muda mrefu, dakika chache za jua kali zinatosha. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Chupa ya kijani inazuia kidogo sana, na nyeupe karibu haizuii kitu. Heineken na Castle Lite ziko kwenye kijani, na wapo watu wanaoamini ile harufu ndiyo ladha ya bia ya kigeni. Ukitaka kuhakikisha, nunua Heineken ya kopo na ya chupa iliyokaa kwenye friji lenye kioo na taa, uzinuse zikiwa kwenye glasi. Utanielewa mwenyewe. Ninapoona kreti zimepangwa nje ya duka, juani, tangu asubuhi, moyo unaniuma kama nimeona mkate umemwagwa.

Kuhusu bia za lite sina mengi. Zina watu wake, zinafaa kwa anayetaka kukaa muda mrefu bila kulewa, na hilo ni jambo jema. Zimetengenezwa zinywewe baridi kabisa, kwa hiyo ukifuata ushauri wangu wa ubaridi wa kadiri hazitakupa kitu.

Guinness ni habari nyingine, na hapa nakubaliana na baba mdogo asilimia mia. Guinness ya chupa tunayoinywa ni ya ukoo wa ile iliyoanza kupikwa Dublin mwaka 1801 kwa ajili ya kusafirishwa mbali kwa meli, hopsi zikazidishwa na kilevi kikaongezwa ili ihimili safari. Weusi wake unatokana na shayiri iliyokaangwa hadi ikaiva kama kahawa. Hadi leo viwanda vya Afrika vinapokea kiini chake kutoka Dublin na kukichanganya na bia inayopikwa hapa hapa. Ukiigandisha unapata uchungu mtupu. Iache, ipate joto la chumba chenye kivuli, na inafunguka: kahawa, chokoleti isiyo na sukari, uchachu kidogo kwa mbali. Na nyama choma iliyoungua kidogo pembeni, ile iliyopata moshi, sijui kinywaji kinachoifaa zaidi.

Konyagi. Inatengenezwa kwa molasi ya miwa, ina kilevi asilimia 35, na ladha yake iko katikati ya jini na ramu nyeupe. Wengi wanaichanganya na kola, na kola inaifunika yote, inabaki sukari na kilevi. Ninayoipenda ni Konyagi na Stoney Tangawizi, kipande cha ndimu kimekamuliwa, barafu nyingi. Huku barafu ina haki yake. Tangawizi na ule ukali vinaelewana, havishindani. Ukiwa Bagamoyo au Tanga na kuna dafu jipya, jaribu na maji ya dafu: inakuwa laini mno, na hapo ndipo sharti langu linapoingia, kwamba Konyagi napima kwa toti na glasi ya maji inakaa pembeni. Kitu laini chenye asilimia 35 kinakuchukua bila kukuaga, na nyumbani narudi kwa bajaji.

Machi 2017 serikali ilipopiga marufuku viroba, zile pombe kali za vifuko vya plastiki, niliunga mkono, na bado naunga mkono. Nilikuwa naona madereva wa bodaboda wakivifungua kwa meno saa mbili asubuhi, na watoto wa shule wakivinunua kwa bei ya andazi. Kile kifuko hakikuwa kinywaji cha kuonjwa na mtu yeyote. Gongo sinywi, na nakuomba nawe usinywe ya mtu usiyemjua: methanoli haina rangi wala harufu ya kukutahadharisha, na inaua au inapofusha. Mei 2014 watu wengi walikufa Kenya kwa pombe iliyochanganywa hivyo.

Divai ya Dodoma inadharauliwa na watu ambao mara ya mwisho kuionja walionja ile tamu ya bei ndogo, wakaumwa kichwa. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi za baridi haziliwezi. Nyekundu isiyo na sukari, ya Makutupora, ipoe kidogo kwenye friji kabla ya kufunguliwa, kwa sababu joto la chumba la vitabu vya Ulaya siyo joto la chumba chetu. Na maini ya kukaanga na vitunguu, inapendeza.

Nimalizie na ya nyumbani. Mbege inatoka kwenye ndizi mbivu zinazochemshwa kwa muda mrefu, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, zikachujwa, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Gome la msesewe ndilo linaloipa uchungu, kazi ile ile hopsi zinayoifanya kwenye Safari. Inanywewa kwenye kata, nzito, yenye uchachu na chembe za ulezi zinazobaki midomoni, na haina kilevi kikali. Siku ya kwanza ni tamu. Ya pili ndiyo yenyewe. Ya tatu imeshakuwa kali, inawafaa wachache. Hakuna kampuni inayoweza kuiweka kwenye chupa na kuisafirisha hadi Dar ikafika ikiwa mbege, na wanaojaribu kunywa ya juzi Manzese kisha wakasema Wachaga wanasifia uji uliochacha, waende Kibosho au Marangu siku ya sherehe.

Ninachokitamani sasa ni ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi. Nimeuonja mara chache mjini Iringa, umeshakuwa mkali, na wenyeji wakanihurumia wakasema nimekuja wakati usio wake. Mianzi inagemwa wakati wa mvua, na ule wa asubuhi, uliotoka kwenye mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kukingia, bila kulala, wanasema ni tamu na haulevyi hata kidogo. Masika ijayo nina kazi Njombe na nimeshaomba nipangiwe kupitia Iringa. Anayejua kilabu safi kinachouza wa asubuhi aniambie, nitaamka mapema.